Gari la mkononi Uingereza kwa leseni ya Tanzania: nianzie wapi?

Mama_Leicester

Habari za humu wadau. Niko Leicester, nahudumia wazee majumbani, na ofisini wameshaniambia wazi kuwa asiye na gari atapewa zamu chache. Leseni yangu ni ya Tanzania, daraja B, haijaisha muda. Nina miezi saba tangu nihamie huku. Mfukoni nina pauni 3,500, na humo humo natakiwa nipate gari na bima.

Nimeshaona magari matatu. Ford Fiesta ya 2014, 1.0 EcoBoost, maili 88,000, pauni 2,900, la mtu binafsi. Corsa ya dizeli 1.3 ya 2013, maili 104,000, pauni 2,200, nalo la mtu binafsi. Toyota Yaris 1.33 ya petroli ya 2012, maili 97,000, pauni 3,400, liko yadi. Mwenye Fiesta anasema wanaolitaka ni wengi, nimtumie pauni 200 anishikie. Nitume? Na hizi karatasi zao, MOT, V5C, kodi, zinakwendaje? Nyumbani nilizoea fundi analikagua, tunasaini mkataba wa mauziano kwa mwanasheria, basi. Huku naona mambo ni mengine.

Usukani_Kulia

Dada, hiyo 200 usitume. Gari hujaliona wala karatasi hujaziona, unamlipia nini?

Kwa hali yako gari ni jambo la mwisho. La kwanza ni leseni, la pili ni bima.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa hapa bila mtihani. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo nazo hazimo. Unaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya nyumbani miezi 12 tu, na hesabu ilianza siku ulipokuwa mkazi, si siku utakayonunua gari. Umebakiwa na mitano. Ikipita, hata kama leseni yako imeandikwa mwisho wake ni 2028, barabarani unahesabika kama mwanafunzi: vibao vya L mbele na nyuma, na pembeni yako akae mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni kamili kwa miaka 3 au zaidi. Kwa kazi ya kuzunguka nyumba za wazee peke yako hilo haliwezekani, na bima uliyolipia haitakulinda.

Kwa hiyo omba leo leseni ya mwanafunzi, wao wanaiita provisional, kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali, pauni 34. Kuwa nayo hakukuzuii kuendelea kutumia ya Tanzania ndani ya hiyo miezi 12. Ikifika, lipia mtihani wa nadharia, pauni 23. Ukifaulu, matokeo yanadumu miaka 2. Siku hiyo hiyo ya kufaulu weka nafasi ya mtihani wa barabarani, pauni 62 siku za kazi na 75 jioni au wikiendi. Foleni ya mtihani huu ni ya miezi katika vituo vingi, na hapo ndipo miezi yako mitano itakapoliwa. Tumia GOV.UK peke yake. Tovuti nyingine zinazofanana nayo zinakutoza zaidi kwa kazi ile ile. Na ukifanyia mtihani gari la otomatiki, leseni itakuruhusu otomatiki tu.

Sasa bima. Chukua namba za magari yote matatu, uziingize kwenye tovuti za kulinganisha bei za bima kabla hujapanda basi kwenda kuangalia gari lolote. Mgeni mwenye leseni ya nje, si ajabu bima ya mwaka ikapita pauni 1,500, na gari dogo moja linaweza kupishana na jingine kwa mamia. Magari yamepangwa katika makundi 1 hadi 50; ya chini ndiyo nafuu. Miaka yako ya kuendesha nyumbani bila ajali kampuni nyingi hazitaihesabu, lakini uliza, zipo zinazoikubali. Angalia bima kubwa pamoja na ile ya kumlipa mtu wa tatu tu, maana mara nyingi kubwa ndiyo inatoka rahisi. Omba bei kama wiki tatu kabla ya siku ya kuanza; ukiomba kwa ajili ya kesho bei inapanda. Ukilipa kwa mwezi kuna riba juu yake, kwa hiyo anayekwepa riba alipe mwaka kwa mkupuo.

Kipengele kinachowaangusha watu wa kazi yako ni matumizi ya gari. Bima ya kawaida inafunika mizunguko ya nyumbani, na ukiongeza commuting inafunika safari ya kwenda kituo kimoja cha kazi na kurudi. Wewe unatoka kwa mzee wa kwanza kwenda kwa wa pili hadi wa sita. Hayo ni matumizi ya kibiashara, business class 1, na lazima yaandikwe kwenye cheti. Bila hivyo, ajali ikitokea kati ya nyumba mbili kampuni inaweza kukataa kulipia gari lako, kisha ikakudai ilichomlipa yule uliyemgonga.

Usikubali shemeji aandikwe dereva mkuu wakati gari unaendesha wewe. Huo ni udanganyifu kisheria, hata akiwa na nia njema. Na wale wanaouza bima kwa WhatsApp kwa nusu bei, wengi wanakupa cheti cha bandia. Dalali halali yumo kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, na siku chache baada ya kulipa unaweza kuhakikisha mtandaoni kwenye kanzidata ya bima za magari (MID) kama gari lako limesomeka. Kukamatwa bila bima ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari pale pale.

Kadi_Mkononi

Mkuu hapo juu kamaliza leseni na bima. Mimi nichukue karatasi.

MOT ni ukaguzi wa kila mwaka kwa gari lililofikisha miaka 3. Historia yake yote iko bure kwenye GOV.UK, unaingiza namba ya gari tu. Usiishie kuona "limepita". Fungua kila mwaka, uandike maili mstari kwa mstari: zikirudi nyuma, au gari lililokuwa linakwenda 9,000 kwa mwaka likaanza ghafla kwenda 900, mita imechezewa au gari lilisimama muda mrefu. Kisha soma advisory, yaani yale ambayo mkaguzi hakuyafelisha ila ameonya. "Kutu kwenye bomba za breki" ikitajwa miaka mitatu mfululizo, mwenye gari hakuwahi kutengeneza, na mwaka wa nne utatengeneza wewe.

V5C, logibuku yao, usiifananishe na kadi ya gari ya nyumbani. Inamtaja mtu anayelitunza gari na kuwajibika kwa faini na kodi. Haithibitishi kwamba gari ni mali yake. Ndiyo maana risiti ya mauzo ni lazima. Ishike V5C kwenye mwanga uone alama ya maji ya DVL. Namba ya chasisi iliyoandikwa humo ilingane na iliyo chini ya kioo cha mbele na iliyo kwenye bodi. Anwani iwe ya nyumba mnayokutania. Halafu tazama namba ya karatasi yenyewe: ikiwa kati ya BG8229501 na BG9999030, au kati ya BI2305501 na BI2800000, karatasi hiyo huenda ni ya wizi, ondoka uwapigie polisi.

Lipia pia ukaguzi wa historia ya gari, ule watu wanaita HPI, kwa kawaida ni pauni 10 hadi 20. Unaonyesha deni, wizi, na kama bima iliwahi kulifuta. Category S ni ajali iliyogusa chasisi, N haikugusa. Gari la N lililotengenezwa vizuri linanunulika, ila liwe na bei ya chini kweli, na bima uiambie. Deni ndilo la kuogopwa: gari la mkopo wa hire purchase ni mali ya kampuni ya mkopo hadi senti ya mwisho. Sheria inamlinda mnunuzi binafsi aliyenunua bila kujua, lakini kwa mikopo ya kuweka rehani logibuku ulinzi huo haupo.

Kodi ya barabara haihami na gari tangu Oktoba 2014. Muuzaji anarudishiwa ya kwake, wewe unalipa upya kabla ya kuwasha gari. Angalia tarehe ya usajili wa kwanza. Kwa viwango vya mwaka ulioanza Aprili 2025, gari lililosajiliwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017 linalotoa gramu zisizozidi 110 za kaboni kwa kilomita lilikuwa pauni 20 kwa mwaka, 111 hadi 120 ilikuwa 35, lakini 121 hadi 130 ilikuwa 165. Petroli iliyosajiliwa baada ya hapo ilikuwa 195 bila kujali udogo wake. Kwa viwango hivyo gramu moja tu ingeweza kukugharimu pauni 130 zaidi kila mwaka.

Spana_13

Naenda gari kwa gari.

Fiesta EcoBoost: mkanda wa taimingi wa injini hii unazunguka ndani ya oili. Unavyozeeka unaachia vipande vya mpira, vinashuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Presha inashuka, turbo inakufa, injini inafuata. Ford wameweka kikomo cha miaka 10 au maili 150,000, kinachotangulia. La 2014 limeshafika bila kujali hizo maili 88,000. Kuubadilisha kunataka zana maalumu na kwa kawaida kunapita pauni 1,000. Mwambie akuonyeshe risiti ya mkanda, na risiti za oili sahihi, 5W-20 ya kiwango cha Ford 948-B. Hana risiti, gari hilo lina thamani ya 2,900 kutoa kazi ya mkanda, na mimi nisingelichukua hata hivyo, maana hujui ilipitia oili gani.

Corsa ya dizeli kwa kazi yako, hapana. Ina chujio la masizi, DPF, linalojisafisha kwa joto: linataka mwendo wa barabara kuu usiokatika, dakika 15 hadi 20. Wewe unaendesha dakika saba, unazima, unampa mzee dawa, unawasha tena. Masizi yanajaa, gari linajaribu kujisafisha linakatizwa, dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepita alama ya juu na oili inanuka dizeli, ndiyo hali hiyo. Kulitoa chujio si ujanja, linafeli MOT. Isitoshe dizeli ya 2013 ni Euro 5, kiwango cha zamani cha moshi kinachotozwa mijini: ukivuka kwenda katikati ya Birmingham ni pauni 8 kwa siku, London 12.50. Petroli ya 2012 haihusiki na hayo.

Yaris ndiyo injini ya kazi yako. Ina cheni, haina mkanda. Jaribu klachi: uko gia ya nne mwendo wa maili 30, kanyaga mafuta hadi chini, rpm, mizunguko ya injini, zikiruka mwendo usiongezeke, klachi imekwisha. Tatizo ni bei, ukitoa 3,400 unabaki na mia ya bima. Tafuta Toyota Aygo, Citroën C1 au Peugeot 107 za 2009 hadi 2011. Ni gari moja kwa majina matatu, injini 1.0 ya Toyota yenye cheni, kundi la chini la bima, kodi ya pauni 20. Udhaifu wake unajulikana: klachi, pampu ya maji, na maji ya mvua kuingilia kwenye mipira ya taa za nyuma. Inua zulia la buti, shika kibati chini yake kwa mkono. Kama ni chepechepe, utaona pia kutu ya rangi ya chungwa kwenye nati za tairi la akiba.

Ukienda kuliona gari, lolote, mwambie mapema asiliwashe. Weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna kitu alitaka kuficha cha kuwasha asubuhi. Fungua kifuniko cha oili: utando mzito wa rangi ya maziwa ya chai, pamoja na maji ya radieta yanayopungua, ni gasketi ya silinda hedi. (Utando mwepesi peke yake, baridi na safari fupi huuleta.) Washa swichi bila kuwasha injini: taa za injini, ABS na eabegi lazima ziwake zote, kisha zote ziwe zimezima ukishawasha injini. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, kuna mtu ameitoa balbu.

Kisha lala chini. Nyumbani tunaangalia rangi na bodi. Huku wanamwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi, na gari linaoza kutokea chini likiwa linang'aa juu. Chukua tochi, fuata bomba za breki kutoka mbele hadi eksili ya nyuma. Zikiwa na magamba yanayobanduka kwa ukucha, ni kazi ya kubadilisha. Gonga kingo za chini ya milango kwa fundo za vidole. Sauti inatakiwa kuwa ile ile mwanzo hadi mwisho. Angalia ncha za springi, huku hukatika sana. Tairi: kina cha chini kisheria ni milimita 1.6. Chomeka sarafu ya peni 20 kwenye mfereji, ukiona ukingo wake wa nje bado uko juu, tairi imekaribia mwisho. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Na uulize funguo ya pili; kutengeneza mpya yenye chipu kunaweza kufika pauni 200.

Mzee_wa_Reading

Dadangu, niongeze upande wa sheria, maana ndio unaoamua yadi au mtu binafsi.

Ukinunua yadi, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inakulinda. Ndani ya siku 30 gari likionyesha kasoro kubwa iliyokuwepo ulipolichukua, unalirudisha na pesa zote zinarudi. Baada ya hapo hadi miezi 6, wanapewa nafasi moja ya kutengeneza, na kasoro inachukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo hadi wao wathibitishe vingine. Wakishindwa, unarudisha ila wanaweza kukata kiasi cha matumizi. Yale maandishi ya "linauzwa lilivyo, hakuna kurudisha" hayana nguvu kwa mlaji. Andika malalamiko kwa imeli siku ile ile kasoro inapoonekana, maneno ya simu hayabaki popote. Ukilipa hata sehemu ndogo kwa kredit kadi, na gari lenyewe bei yake iko kati ya pauni 100 na 30,000, benki inawajibika pamoja na yadi kwa bei yote.

Kwa mtu binafsi haki zako ni chache: awe na haki ya kuliuza, na lifanane na alivyolieleza. Kwa hiyo piga picha tangazo lake kabla halijafutwa. Kuna wafanyabiashara wanaojifanya watu binafsi ili wakwepe sheria. Wapigie useme tu, "Napiga kuhusu gari." Akijibu "lipi?", huyo ana mengi. Na jina lake likikosekana kwenye V5C, uliza kwa nini.

Boda_Wolverhampton

Samahani kwa kudandia. Mtu akichukua pikipiki 125 badala ya gari je? Nafuu si ni kubwa?

Usukani_Kulia

Kwa leseni ya mwanafunzi utahitaji CBT, mafunzo ya siku moja, cheti kinadumu miaka 2, pikipiki isizidi 125cc na kilowati 11, na vibao vya L. Hakuna kupakia mtu. Bima ni nafuu kwa mwenye gereji ya kufunga, la sivyo wizi unaipandisha. Kama wazo ni kusambaza vyakula, bima ya kawaida haifai, inatakiwa ya hire and reward, yaani ya kubeba vitu vya watu kwa malipo. Na mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, kazi hizo nyingi ndivyo zilivyo. Kwa dada mwenye begi la vifaa na zamu za usiku Januari, barabara ina barafu, abaki kwenye gari.

Mama_Leicester

Nimewaelewa, asanteni sana. Provisional nimeshaomba. Mwenye Fiesta nilipomwomba picha ya V5C anasema imepotea, ya pili iko njiani kutoka DVLA, ofisi yao ya usajili wa magari, nilipe sasa atanitumia kwa posta. Corsa nimeachana nayo. Nimepata C1 ya 2010 hapa hapa mjini, pauni 1,650, la mama mmoja, maili 71,000, MOT hadi Machi, advisory ni tairi mbili za mbele tu. Bima ya class 1 imetoka 1,480. Siku ya kwenda kulichukua nifanye nini kwanza?

Kadi_Mkononi

Huyo wa Fiesta mwache. V5C mbadala ni pauni 25 na mwenye gari anaiombea mtandaoni. Ikifika ndipo auze.

Kwa C1: 1,650 na 1,480 ni 3,130. Ongeza kodi 20 na tairi mbili, bado una akiba ya kama mia mbili, usiiguse. Omba punguzo la hizo tairi, MOT yenyewe imekupa sababu.

Kujaribu gari barabarani unahitaji bima yako. Ya yule mama kwa kawaida inamfunika yeye tu. Kama hujawasha ya kwako, aendeshe yeye, wewe usikilize. Ukiridhika, kaeni mezani. Anzisha bima kwa simu, ianze saa hiyo hiyo. Tuma kwanza pauni 10 benki, athibitishe imeingia, kisha tuma iliyobaki. Uliza benki yako jana yake kikomo cha kumlipa mtu mpya ni kiasi gani, nyingine huzuia malipo ya kwanza kwa saa kadhaa. Andikeni risiti nakala mbili: majina, anwani, namba ya gari, namba ya chasisi, maili, bei, tarehe na saa.

Yeye aingie GOV.UK mbele yako aripoti mauzo kwa namba ya tarakimu 11 iliyo kwenye V5C, aandike jina na anwani yako herufi kwa herufi. Wewe unakata kipande cha kijani cha mtunzaji mpya na kukaa nacho. Kina namba ya tarakimu 12. Kwa namba hiyo unalipa kodi hapo hapo, mtandaoni au posta. V5C yenye jina lako itakuja yenyewe, mara nyingi ndani ya siku chache. Wiki 4 zikipita kimya, jaza fomu V62. Ukiwa na kipande cha kijani ni bure, ukikipoteza ni pauni 25.

Na tarehe: kodi inahesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi. Kama mmekubaliana tarehe 29, mwombe yule mama akushikie gari hadi tarehe 1, na bima uipange ianze siku hiyo hiyo.